Unachukua Historia Gredi ya 10? Anzia hapo Matasia

Likizo ya Desemba ndiyo hii, na kwa waliomaliza Gredi ya 9, Januari ni sekondari pevu. Kama umechagua mkondo wa Sayansi ya Jamii na Historia na Uraia iko kwenye orodha yako, bila shaka umeshachekwa: "Hilo ni somo la kukariri tu," ama "ni la walioshindwa na hesabu." Achana nao. Lakini usiwape sababu ya kusema hivyo kwa kumaliza likizo nzima ukimeza tarehe kutoka kwa noti za kaka yako wa 8-4-4.

Msimamo wetu ni kwamba historia haianzi na majibu bali na maswali. Na kwa kijana wa Matasia, maswali yako nje tu ya geti.

Chukua ploti mnayoishi. Kabla ya mzazi wako kuinunua ilikuwa ya nani? Na kabla ya huyo? Sehemu kubwa ya Kajiado iliwahi kuwa ranchi za vikundi, zilizotambuliwa na sheria ya 1968, kabla ya kukatwa vipande na kuuzwa. Rudi nyuma zaidi ufike 1904. Mwaka huo Lenana, yule ambaye kilele cha Mlima Kenya kina jina lake, pamoja na viongozi wenzake waliwekeana mkataba na Waingereza. Wamaasai wakaondolewa malisho ya Bonde la Ufa, wakaachiwa maeneo mawili: Laikipia na kusini. Waliahidiwa kwamba mkataba huo ungedumu maadamu Wamaasai wapo. Miaka saba tu baadaye, 1911, mkataba mpya ukawataka wa Laikipia nao wahamie kusini.

Mwaka wa 1913 Ole Njogo na wenzake walienda kortini. Korti ikasema haina mamlaka ya kusikiza kesi hiyo, eti mikataba ile ilikuwa kati ya mataifa mawili. Sasa jiulize: mbona watu wanaotawaliwa kila siku wageuke taifa la kigeni siku wanayodai haki yao? Ukiweza kukaa na swali hilo wiki nzima, umeshaanza kozi kabla ya mwalimu kuingia darasani. Na utaelewa kwa nini mambo ya ardhi Kajiado bado yanachemsha watu damu.

Basi fanya nini likizo hii? Kwanza, tafuta mzee mmoja. Msalimie vizuri, mwombe ruhusa, umrekodi kwa simu. Muulize Matasia ilikuwaje kabla ya lami na fleti. Kama ni Mmaasai, muulize ni wa rika gani. Kama familia yenu ilitoka Nyeri, Kisii au Machakos, muulize nyanya yako mlifikaje hapa, manake hiyo pia ni historia. Kisha muulize mzee mwingine jambo lilo hilo. Wakitofautiana, usikasirike, hapo ndipo kazi yenyewe inapoanza.

Pili, ukipata nauli, pitia Kiserian ushike barabara ya Magadi hadi Olorgesailie. Shoka za mawe za binadamu wa kale utakazozikuta kitabuni ziko pale pale chini, zilipoachwa. Ukiwa Nairobi mjini, ingia Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, Moi Avenue. Kila karatasi ya mkoloni iulize: nani aliandika, alimwandikia nani, na nani hakuulizwa?

Kwa wazazi: Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza tuisheni ya likizo. Hela mlizotenga kwa tuisheni ya kichinichini zitafaa zaidi zikiwa nauli ya Olorgesailie. Na kama nauli haipo, kumsikiliza mzee ni bure.

Vitabu vya Gredi ya 10 utavipata Januari, na vitakuwepo mwaka ujao pia. Wazee wanaokumbuka Matasia kabla ya ploti wanapungua kila mwaka, na kila anayeenda anaenda na stori zake. Hao hawangoji shule ifunguliwe. Nenda wiki hii.