Karama haziishii madhabahuni

Ukiuliza nani ana karama katika makanisa ya vijijini huku kusini mwa Tanzania, vidole vyote vitaelekea mbele: kwa mhubiri, kwa anayeombea wagonjwa, kwa kiongozi wa kwaya. Walioketi mabenchi ya nyuma wamekwisha kujihesabu watazamaji. Hilo ni kosa, na linadhoofisha kanisa.

Mtume Paulo, katika Warumi 12, anataja unabii na kufundisha, na hapo hapo anataja kuhudumu, kutoa, kusimamia na kurehemu. Hakuziweka nyingine daraja la pili.

Chukua kijiji kama Kiegei, wilayani Nachingwea. Msimu wa korosho ukifika, wanakijiji wanamjua mtu ambaye akisimama kwenye mzani wa chama cha ushirika cha wakulima (AMCOS), mkulima anaondoka na stakabadhi yake moyo umetulia. Wanamjua mama anayefika kwa mgonjwa na kibuyu cha uji kabla mwinjilisti hajapata habari. Wanamjua mzee anayepatanisha waliogombania mpaka wa shamba, wakatoka kwake wanasalimiana. Hizo ni karama. Lakini yule wa mzani hajawahi kuombwa akague hesabu za sadaka, na yule mama hana nafasi katika mipango ya kanisa ila kupika siku ya ugeni.

Historia yetu inatufundisha vingine. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa UMCA, misheni ya Kianglikana, alifika Masasi na watu waliokombolewa utumwani. Mwaka 1886 misheni hiyo ilimpeleka Cecil Majaliwa, Myao aliyeonja utumwa utotoni, kuhudumu Chitangali, huku huku kusini. Mwaka 1890 akapewa ukasisi Zanzibar, Mwafrika wa kwanza kuupata katika UMCA. Kuna walioiona karama yake, wakamsomesha, wakamkabidhi kazi. Ingekosekana hatua moja kati ya hizo, karama ile ingelala.

Mwenye karama mara nyingi hajijui. Kwake kupatanisha ni jambo la kawaida kama kupalilia. Kwa hiyo wa kuulizwa ni waliohudumiwa. Na hao hao ndio watakaotuambia karama gani ni ya kweli, maana wanamjua anayedai malipo ili aombee watu, na huyo amekwisha kuifanya karama biashara.

Tunawaomba wachungaji, makatekista na wazee wa kanisa: msimu ukiisha, kila jumuiya ikae jioni moja na kuuliza, “Tukifiwa tunamkimbilia nani? Tukigombana? Mtoto akishindwa kusoma?” Majina yaandikwe. Kila mmoja apewe kazi inayolingana na karama yake, kwa miezi mitatu, kisha waulizwe tena waliohudumiwa.

Na kwa kuanzia, Jumapili ijayo wakati wa matangazo, liitwe jina moja kutoka benchi la nyuma. Lisiitwe kwa ajili ya kufagia wala kubeba viti. Liitwe kwa kazi ambayo kijiji kizima kinajua Mungu amemwekea mtu huyo.