Dawa za Akili Zisikatizwe

Mgonjwa wa akili wa Manyoni au Iramba akitibiwa Mirembe, Dodoma, hurejea kwao ametulia. Dawa zikiisha, jamaa husema amekwisha kupona. Kumbe sivyo.

Seli za ubongo hupelekeana habari kwa kemikali zinazovuka mwanya mwembamba mno baina yao; mojawapo ni dopamini. Kloropromazini, iliyoanza kutumiwa kutibu wazimu nchini Ufaransa mwaka 1952, huziba milango ipokeayo dopamini, lakini haing'oi mzizi wa maradhi. Ikikatizwa, milango hubaki wazi na mara nyingi maradhi hurudi. Hapo ndipo jirani hutuhumiwa uchawi!

Mkulima wa alizeti asilaumiwe. Nauli ya Dodoma kila mwezi ataipata wapi? Wakuu wa afya mkoani hawana budi kuhakikisha kuwa vituo vya karibu havikosi dawa hizo, nao walimu wawaeleze wazazi kwa nini humezwa hata mgonjwa anapojiona mzima.