Sifa ya Dereva, Nyota za Tajiri

Mgeni anayetoka Ujerumani au Marekani kwenda Serengeti hamjui mtu yeyote Arusha, lakini kabla hajapanda ndege ameshaamua nani wa kumwamini. Amekaa kwake jioni, amefungua TripAdvisor au SafariBookings, na anasoma maneno ya watu asiowajua kuhusu kampuni asizowahi kuziona. Kampuni za utalii mjini hapa ni mamia, kwa hiyo anaishia na zile za juu. Yenye nyota tano na maoni elfu moja anaiandikia barua pepe. Yenye nyota tano na maoni manne haifikii hata kidogo, ingawa huenda dereva wake ndiye aliyeyachuma mengi ya yale elfu moja ya jirani.

Hapo ndipo ninapotaka tusimame. Sifa inayopatikana porini, kwa kazi ya mtu, inapaswa kuwa mali ya nani?

Nianze kwa kuzitendea haki nyota zenyewe, kwa sababu tulipotoka hapakuwa pazuri. Zamani sifa ya kampuni ya Arusha ilikuwa mikononi mwa mawakala wa Ulaya na waandishi wa vitabu vya safari. Ukiwa huna mshirika London au Amsterdam, ulikuwa unamsubiri mgeni wa mkoba mgongoni ashuke kwenye basi la kutoka Nairobi. Naye akishuka alizingirwa na vijana wenye vipeperushi, wakamfuata hadi Mnara wa Saa. Wengine walimpeleka safari ya kweli. Wengine walichukua malipo ya awali, wakapotea. Ofisi ya Bodi ya Utalii pale Barabara ya Boma iliweka orodha ya kampuni zenye leseni na orodha ya zile za kuepukwa, lakini ilimfaa tu aliyejua kwamba ipo. Maoni ya mtandaoni yaliusambaza ukweli huo dunia nzima. Mtanzania asiye na mshirika ng'ambo akaanza kupata wageni moja kwa moja, na tapeli akaanza kusomwa.

Tatizo ni kwamba mlango uliofunguliwa na maoni hayo ulikuwa mpana kwa waliowahi. TripAdvisor, iliyoanza mwaka 2000, hupanga biashara kwa kuangalia ubora wa maoni, wingi wake na upya wake. Aliye juu anapata wageni, wageni wanaandika, naye anazidi kubaki juu. Mwaka 2011 Michael Luca wa Chuo Kikuu cha Harvard alichunguza migahawa ya Seattle kwenye Yelp, akakuta kwamba nyota moja zaidi iliongeza mapato kwa kati ya asilimia 5 na 9. Cha kuzingatia ni sehemu ya pili ya matokeo yake: faida hiyo ilionekana kwa migahawa inayojitegemea, si kwa ile yenye majina makubwa ambayo watu wanaijua tayari. Nyota zina thamani kubwa kwa asiyejulikana, na asiyejulikana ndiye asiyekuwa nazo.

Serikali ilijaribu kulegeza upande wake. Ada ya leseni ya biashara ya utalii, TALA, kwa kampuni ndogo za Watanzania ilishushwa kutoka dola 2,000 hadi dola 500 kwa mwaka, na nadhani ulikuwa uamuzi mzuri. Lakini leseni ya pili, ile ya kuaminika, haitolewi na wizara. Mwenye kampuni mpya analipa ada, ananunua Land Cruiser kwa mkopo, anafungua tovuti, kisha simu haiiti. Mwisho analikodisha gari lake kwa kampuni kubwa msimu wa wageni. Anaendesha mwenyewe, anafanya kazi nzuri, na mgeni akirudi kwao anaandika sifa kwenye ukurasa wa kampuni kubwa.

Yasome maoni hayo kwa makini. Mara nyingi mgeni haandiki kuhusu ofisi. Anaandika kuhusu dereva, tena kwa jina: aliyemwona chui juu ya mti Seronera wakati magari mengine yameshapita, aliyejua ndege kwa sauti, aliyejikwamua kwenye tope la Ndutu bila kununa, aliyenyamaza pale mgeni alipotaka kimya. Dereva huyo akifanya kazi miaka kumi, jina lake linatajwa mara mamia. Siku akiondoka kuanza kampuni yake, maneno yote yanabaki kwa tajiri, yakiuza safari ambazo yeye hataziendesha.

Janga la korona lilionyesha jambo hili waziwazi. Watalii waliokuja Tanzania walishuka kutoka 1,527,230 mwaka 2019 hadi 620,867 mwaka 2020. Madereva wengi walirudishwa nyumbani, wengine wakashika jembe, wengine bodaboda. Kurasa za kampuni hazikwenda popote. Wageni waliporudi, hata wakapita milioni mbili mwaka 2024, kampuni ziliendelea na nyota zao, na dereva aliyezichuma akaanza upya kubisha hodi.

Wamiliki wana jibu, nalo lina uzito. Gari ni la kampuni, ada za hifadhi zimelipwa na kampuni, na aliyejibu barua pepe ya mgeni saa sita usiku hakuwa dereva. Safari ikiharibika, anayedaiwa fedha ni kampuni. Kweli kabisa, na ndiyo maana sisemi kampuni zinyang'anywe maoni yao. Nasema sifa hiyo ina wachumaji zaidi ya mmoja, na mfumo wa sasa unamwandikia mmoja tu. Kwenye Mlima Meru hali ni mbaya zaidi. Kutoka lango la Momella hadi Miriakamba, Saddle Hut na kilele, zaidi ya mita 4,500, mgeni anatembea na askari mwenye bunduki kwa sababu ya nyati, na mizigo yake imebebwa na wagumu, yaani wapagazi. Anayekumbukwa kwenye maoni ni yule aliyezungumza naye Kiingereza.

Mlango ukifungwa, wapo wanaopita dirishani. Mwaka 2017 mwandishi Oobah Butler aliufanya mgahawa usiokuwepo, ambao kwa kweli ni kibanda cha bustani huko Dulwich, uwe wa kwanza London nzima kwenye TripAdvisor kwa maoni ya kubuni. Mwaka 2018 mahakama ya Lecce, Italia, ilimhukumu kifungo cha miezi tisa mtu aliyeuza maoni ya uongo. Simtetei mwenye kampuni changa anayewaandikisha binamu zake. Anamuumiza mgeni, na anamuumiza zaidi mchanga mwenzake katika biashara, kwa sababu kila ukurasa mdogo wenye sifa unaanza kushukiwa.

Arusha yenyewe inajua njia nyingine ya kumwingiza mtu mpya. Madalali wa tanzanite, kabla serikali haijairudisha biashara hiyo Mirerani, yanakochimbwa mawe hayo, mwaka 2021, walikuwa wakichukuliana mawe kwa mali kauli: unapewa jiwe la mamilioni bila karatasi, ukamwonyeshe mnunuzi, urudi na jiwe au na fedha. Asiye na jina hakupewa. Lakini mwenye jina aliweza kumsimamia, akisema huyu nimefanya naye kazi, akikosea njooni kwangu. Njia hiyo nayo ina dhambi yake, kwani asiye na mjomba wala mtu wa kwao sokoni alibaki nje. Ninachokitaka hapo ni kimoja: anayemjua mtu kazini ana nafasi ya kumshuhudia, na ushuhuda wake una thamani.

Kwa madereva na waongoza watalii msingi upo tayari. Sheria ya Utalii ya mwaka 2008 inamtaka mwongoza watalii awe na leseni yake mwenyewe. Leseni hiyo ingeweza kuwa na ukurasa wa wazi ambao wizara, chama cha kampuni za utalii (TATO) na vyama vya waongoza watalii wangeusimamia pamoja: miaka aliyofanya kazi, hifadhi alizozunguka, milima aliyopandisha wageni, na maoni ya wageni waliomtaja. Kampuni mpya ingemwonyesha mgeni ukurasa huo. Mgeni aliyeweka akiba miaka mitano kwa safari moja ana haki ya kuogopa kuwa wa majaribio. Angeona kwamba kampuni ni changa lakini mtu atakayeshika usukani si mchanga.

Hatari yake naiona, na ni kubwa. Orodha kama hiyo ikiachwa mikononi mwa waajiri itageuka orodha ya kuwakomoa watu. Dereva aliyedai posho yake ataandikwa mkorofi, na jina lake litafungwa mji mzima. Kwa hiyo kampuni ithibitishe tarehe na safari tu, isitoe alama. Lalamiko la mgeni lisionekane hadharani kabla mhusika hajajibu. Na dereva anayeacha kazi apewe kumbukumbu ya safari zake zote kwa maandishi, kama anavyostahili kupewa mshahara wake wa mwisho.