Kwa nini msitu wa Beni ni mgumu kwa wanajeshi

Kila zinapotufikia habari za mapigano mashariki mwa Kongo, swali hurudi lile lile: mbona majeshi yenye magari ya deraya na helikopta yanashindwa kuwamaliza waasi wa porini?

Tutazame Beni, Kivu Kaskazini, ambako waasi wa ADF wenye asili ya Uganda wamejichimbia tangu miaka ya 1990. Humo askari huona hatua chache tu mbele yake. Mvua ikinyesha barabara hugeuka tope, na lori la chakula na risasi hukwama. Buti hazikauki, miguu inachubuka, na malaria inaweza kumlaza askari kabla hajamwona adui. Helikopta haina pa kutua katikati ya miti, hivyo majeruhi hubebwa kwa mikono. Mwasi, kwa upande wake, anazijua njia zote na huchagua saa ya kushambulia.

Tarehe 7 Desemba 2017 kambi ya walinda amani ya Semuliki ilivamiwa, na wanajeshi 15 wa Tanzania wakauawa. Uchunguzi wa Umoja wa Mataifa ulioongozwa na Dmitry Titov ulibaini kwamba ujumbe wa kulinda amani haukuwa na mpango unaotekelezeka wa kuwaongezea nguvu walioshambuliwa wala kuwaondoa. Ulitaja pia mapengo katika mafunzo, na upungufu wa usafiri wa anga, wahandisi na taarifa za kijasusi.

Mwaka uliofuata, mwezi Novemba, walinda amani wengine waliuawa katika operesheni dhidi ya ADF eneo hilo hilo. Mmoja wao, Chancy Chitete wa Malawi, alikufa akimwokoa mwenzake Mtanzania aliyejeruhiwa. Umoja wa Mataifa ulimtunuku nishani ya ushujaa mwaka 2019.

Kwa hiyo ujasiri haukukosekana. Kilichokosekana ni msaada wa kumfikia askari kwa wakati. Serikali zinapotangaza kupeleka vikosi msituni, sisi wananchi tumezoea kuuliza wanakwenda wangapi. Tuulize pia: askari akijeruhiwa usiku, mvua inanyesha na barabara imekatika, nani atamfuata, kwa chombo gani, na baada ya saa ngapi? Jibu lipatikane kabla hawajaondoka.