Mbio za Baiskeli Nairobi: Nani Amlinde Mpandaji?

Sisi watu wa Pwani si wageni wa mashindano. Tuna majahazi na ngalawa, na huko Lamu punda hukimbizwa kando ya bahari, vijana wakiwa juu ya migongo yao. Lakini punda ana macho yake. Akiona ukuta husimama, hata kama aliyempanda hakuuona. Baiskeli haina macho.

Nayasema haya kwa ajili ya vijana wa Kibera na Kawangware, mitaa miwili ya Nairobi iliyotengwa na Barabara ya Ngong. Kibera twaijua: ndiko walikokaa Wanubi, waliokuwa askari wa Kiingereza, na jina lenyewe latokana na neno lao lenye maana ya msitu. Leo msitu huo ni wa mabati. Alfajiri, kabla matatu hazijaanza kugombania abiria, utawaona wapanda baiskeli wakielekea Karen na Ngong, huyu juu ya baiskeli ya mtumba yenye gia, yule juu ya ile nzito ya chuma iitwayo Black Mamba. Uwanja wao wa mazoezi ni barabara hiyo hiyo ya malori, katika nchi ambayo barabara zake ziliua watu zaidi ya 4,000 mwaka 2022, na zaidi ya 4,000 tena mwaka 2023.

Siku ya mashindano mambo hayabadiliki sana. Katika mbio za ridhaa aghalabu barabara haifungwi. Upande mmoja ni washindani, upande wa pili ni magari na bodaboda, na kati yao hakuna ila mstari wa rangi, tena uliofutika. Penye kona husimama kijana mwenye kibendera, ambaye dereva wa matatu hamwogopi hata kidogo.

Wapo watakaosema ajali ni kudura. Naam, kudura ni ya Mungu, walakini aliyeambiwa atawakali aliambiwa kwanza amfunge ngamia wake.

Ukiifuata Southern Bypass kutoka ukingoni mwa Kibera utafika Kikuyu, ambako David Kinjah amewafunza vijana wengi mchezo huu. Mmoja wao ni Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, aliyekuja kushinda Tour de France mara nne, 2013, 2015, 2016 na 2017. Bingwa huyo, mwezi wa Juni 2019 huko Ufaransa, alikuwa akiikagua tu njia ya mashindano. Aliachia usukani kwa mkono mmoja apenge kamasi, upepo ukalipiga gurudumu la mbele, akaingia ukutani. Alivunjika paja, kiwiko na mbavu. Na Suleiman Kangangi, Mkenya aliyekuwa wa tatu katika Tour du Rwanda ya 2017, alianguka akiwa katika mwendo wa kasi kwenye mbio za njia ya changarawe huko Vermont, Marekani, Agosti 2022, akafariki. Alikuwa na miaka 33. Ikiwa haya yawafika mahodari, itakuwaje kwa kijana wa Kawangware ambaye breki zake zimefungwa kwa waya?

Kuna analoliweza kijana mwenyewe. Njia aipite siku moja kabla, kwa mwendo wa polepole, saa ile ile watakayoshindana, aone mchanga penye kona, tuta lisilopakwa rangi, na dimbwi linaloficha shimo. Breki hushikwa kabla ya kona, si ndani yake. Gurudumu lake la mbele lisiingie ubavuni mwa gurudumu la nyuma la mwenziwe, kwani hapo ndipo kundi zima huanguka. Mwenye Black Mamba akumbuke kwamba rimu ya chuma ikilowa, breki huteleza. Na kofia ngumu avae. Hata mabingwa wa Ulaya walikuwa wakiikataa, mpaka Andrei Kivilev wa Kazakhstan alipofariki katika Paris–Nice, Machi 2003. Mwaka huo huo ikawa lazima.

Lakini kijana hawezi kufunga barabara. Hilo ni la wenye mji. Kigali ilipoandaa mashindano ya dunia Septemba 2025, ya kwanza katika Afrika, barabara ziliwekewa vizuizi na shule zikafungwa wiki nzima. Hatudai makuu hayo kwa mbio za mtaa. Saa tatu za Jumapili asubuhi na askari wa trafiki wachache zingetosha.

Kaunti ya Nairobi ilitoa sera mwaka 2015, ikiahidi fungu la 20 katika mia ya fedha za barabara liwe la waendao kwa miguu na kwa baiskeli. Barabara ya Ngong ilipopanuliwa kwa msaada wa Japani, njia ya pembeni ilitengenezwa kweli. Ipite jioni: kuna bodaboda zilizoegeshwa, kuna jiko la mahindi, kuna marundo ya viatu vya mtumba, na mwenye baiskeli amerudi kwenye lami, katikati ya matatu mbili.