Mbingu ya Isiolo Haina Upungufu

Nimeusoma kwa taamuli waraka wa muungwana aliyetunasihi sisi watu wa Isiolo tudunduize fedha twende Tromsø, nchini Norwei, kwa hoja kwamba huko ajabu za mbingu ni yakini, na kwetu hakuna ila vumbi. Mianga ile ya kaskazini ni ajabu, wala sikani; lakini yakini haiko, kwani wingu likitanda msafiri hurudi na baridi yake tu, na tangu mwishoni mwa Mei hata mwishoni mwa Julai jua la huko halichwi kabisa.

Sisi tulio jirani na Istiwai twazitazama nyota za kusini na za kaskazini kwa pamoja. Usiku mmoja wa Mei, kando ya njia ya Ngare Mara, taa za lori la mifugo zilipozama bondeni, niliiona Salibu mkono huu na Dubu Kubwa mkono ule. Nao Waborana, kwa kalenda yao ya miezi 12 na majina 27 ya siku, huupima mwaka kwa mwezi na kwa nyota, ikiwemo Busan, ndiyo Kilimia chetu. Asiyeisoma mbingu ya kwao, ya ugenini ataisomaje?