Figo Mpya na Mlango wa Dharura



Tunapozungumza juu ya mtu aliyepandikizwa figo, neno "amepona" hutoka vinywani mwetu upesi mno. Jamaa na wakristo huchanga fedha, mgonjwa husafiri, mara nyingi mpaka India, naye akirudi na figo aliyopewa na ndugu yake tunaimba misa ya shukrani. Hayo ni mema. Lakini miezi michache baadaye, tukisikia kwamba amekimbizwa usiku kwenye huduma ya dharura, minong'ono huanza: figo imekataa, fedha zetu zimepotea, wengine hutafuta mchawi. Mgonjwa huyasikia hayo yote. Mara ya pili ataificha homa yake, na kuificha kwaweza kumwua.

Sisi tuliosomea ualimu tumezoea kuanza na maana ya jambo. Mwili wa mwanadamu huitambua nyama isiyo yake na kuipiga vita. Tarehe 23 Desemba 1954, mjini Boston, Marekani, mganga Joseph Murray na wenzake walitoa figo ya Ronald Herrick wakampandikiza Richard, nduguye. Ilikubali kwa sababu hao wawili walikuwa pacha wa kufanana kabisa. Mwili wa Richard haukuona mgeni, naye akaishi miaka 8 zaidi. Wagonjwa wengine karibu wote hawana pacha wa namna hiyo. Wao hupaswa kumeza kila siku, muda wote figo inapofanya kazi, dawa za kutuliza kinga ya mwili, kama siklosporini iliyoenea tangu miaka ya 1980, au takrolimu iliyoifuata. Na kinga hiyo iliyotulizwa ili isiishambulie figo ndiyo ileile iliyokuwa ikimpigania dhidi ya vijidudu.

Kikohozi, mkojo unaochoma, kuhara: kwetu ni mambo ya kungoja asubuhi. Kwake sivyo. Homa yenyewe yaweza kuwa ndogo huku ugonjwa ukiwa mkubwa, kwani baadhi ya dawa zake huizima. Akitapika, hutapika pamoja na dawa iliyokuwa ikiilinda figo. Akihara sana, maji humwishia mwilini na figo huumia. Kwa hiyo kurudi hospitalini usiku si lazima kuwe dalili kwamba upasuaji umeshindwa. Twasema hata zaidi: kwenda huko mapema ni sehemu ya matibabu yenyewe, sawa na kumeza vidonge.

Iko hatari nyingine ambayo kwetu Kongo yafaa ijulikane. Waganga na wauguzi wengi wa vituo vyetu hawajapata kumtunza mgonjwa wa namna hii, wala hilo si kosa lao. Lakini dawa za kawaida zinaweza kumdhuru. Rifampisini, tunayoitegemea kwa kifua kikuu, huipunguza takrolimu mwilini hata figo ikabaki bila ulinzi. Eritromisini huipandisha mpaka iwe sumu. Si kwamba kifua kikuu chake hakitibiki, bali vipimo vya dawa lazima vipangwe upya na mganga anayejua. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo kila mtu hujinunulia kwa maumivu ya mgongo, huumiza figo. Hata chanjo ya homa ya manjano, ambayo wasafiri huombwa kadi yake, ina virusi hai, naye kwa kawaida hapaswi kudungwa.

Basi kijana anayemsindikiza mgonjwa huyu, neno lake la kwanza mlangoni liwe: "Huyu amepandikizwa figo." Aliseme kabla ya kutaja homa, na mkononi awe na karatasi yenye majina ya dawa zote na namba ya simu ya mganga wake.

Kuhusu wale wanaomwambia mgonjwa atupe vidonge ili aonyeshe imani, hatuna maneno laini. Papa Yohane Paulo II, alipozungumza na wataalamu wa upandikizaji mjini Roma tarehe 29 Agosti 2000, alisifu kitendo cha kutoa kiungo bila malipo kuwa ni upendo. Anayemshawishi mgonjwa aache dawa anaitupa pia zawadi ya yule ndugu aliyekubali kupasuliwa akiwa mzima.

Limebaki suala la fedha, ambalo halizungumzwi kwa urahisi baada ya misa. Tunajua kuchangia tiketi ya ndege, kwa kuwa safari ina tarehe. Vidonge havina tarehe ya mwisho, na mgonjwa huona haya kuomba tena kwa watu walewale. Anapunguza dozi kimyakimya, siku moja anameza, siku nyingine anaacha, na figo huanza kukataliwa bila yeye kusikia maumivu yoyote. Tungependa kila kikundi chenye mgonjwa kama huyo mtaani mwake kiweke sanduku dogo la kila mwezi, kisha kiulizane waziwazi: saa nane za usiku, nani kati yetu ana pikipiki?